Jina la Glenys kwenye Leseni

Hebu mtazame akiingia. Ni saa kumi na mbili kasoro robo, asubuhi ya Januari, giza bado limelala juu ya mashamba ya kabichi nje ya mji wa Spalding, Uingereza, na gari dogo la bluu linakata kona polepole kwenye geti la yadi ya Cawthorn. Linasimama. Anashuka mwanamke mnene kidogo, kavaa koti la rangi ya chungwa, chupa ya chai kwapani, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Usidhani anakwenda ofisini moja kwa moja. Anatoa tochi mfukoni, analizunguka gari lake mwenyewe. Tairi moja, tairi la pili, taa, anainama kuangalia kama kuna kinachovuja. Gari hilo limetembea maili nne tu, na aliyeliendesha ni yeye. Kisha anafunga mlango, anaujaribu, anakwenda hatua mbili, anarudi kuujaribu tena.

"Umeshaliona bomu, Glenys?" dereva mmoja anapaza sauti kutoka kwenye lori lake.

"Bado," anajibu bila kugeuka. "Ila aliyepita hapa mwisho ni wewe, kwa hiyo natafuta."

Huyo ndiye Glenys Tunnard. Miaka kumi na tisa aliendesha lori, mpaka siku kamba ya kukazia mzigo ilipokatika ikamng'oa bega. Tangu hapo, mwaka wa nne sasa, yuko ofisini: anapanga nani abebe viazi kwenda wapi, anapokea karatasi za madereva, anajibu simu za wenye maghala wanaolalamika. Baba yake naye aliendesha malori, miaka thelathini na nane, na alipozikwa wenzake walisema juu yake jambo moja tu, kwamba hakuna karatasi aliyowahi kuitia sahihi ikawa ya uongo. Glenys alilishika neno hilo. Watu wengine hurithi nyumba.

Sasa, jambo lenyewe lilianza Jumanne moja, wakati Desmond Cawthorn, mwenye yadi, alipochungulia mlangoni akasema, "Glenys, mpenzi, una dakika mbili?"

Mpenzi! Siku zote humwita Glenys, na akikasirika humwita Tunnard. Glenys aliweka kikombe chini. Alipoingia ofisini kwa bosi akakuta kuna mkate wa zabibu umekatwa, umepakwa siagi, umewekwa kwenye sahani. Sahani! Humo ndani watu hula juu ya karatasi. Hakuugusa.

"Unajua Norman anatuacha Pasaka," Desmond alianza.

Alijua. Norman Thickett, mzee wa miaka sabini na moja, ndiye meneja wa usafirishaji wa yadi, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye leseni ya yadi ya kubeba mizigo. Malori yote kumi na moja yanatembea kwa sababu kuna mtu mmoja mwenye cheti ambaye Kamishna, yule wa serikali anayesimamia malori, anaweza kumwita na kumwuliza: hili tairi lilikuwaje, huyu dereva alilala saa ngapi. Bila mtu huyo, yadi hupewa miezi michache ya huruma, halafu geti linafungwa.

"Nataka uwe wewe," Desmond alisema. "Kozi nalipia mimi, mtihani nalipia mimi. Kuna darasa la wiki moja hotelini, Peterborough, mwisho wa Februari. Chakula kizuri, kitanda kizuri, Machi unafanya mtihani, Pasaka umekaa kwenye kiti cha Norman. Unasemaje?"

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu unaijua kazi."

"Na Lyndon?"

Lyndon ni mkwe wa Desmond, mume wa binti yake wa pekee. Ana shahada, ana viatu vinavyong'aa, na kila mtu yadini alijua kwamba siku moja kiti kitakuwa chake. Desmond alichukua kipande cha mkate, akakitazama kama hajawahi kuona zabibu.

"Lyndon ana mambo yake," alisema. "Nikuachie karatasi za kozi, usome."

Glenys alizifungua mezani kwake. Karatasi ya kwanza ilikuwa na picha ya watu wanaotabasamu mbele ya lori safi mno, lori ambalo halijawahi kubeba kabichi. Ya pili ilikuwa fomu ya kushika nafasi darasani. Ilikuwa imeshajazwa. *G. Tunnard*, kwa mwandiko wa Desmond, na tarehe ya siku tano nyuma.

Yaani aliulizwa leo kuhusu jambo lililoamuliwa Alhamisi iliyopita. Hebu kaa na hilo kidogo, kama yeye alivyokaa nalo. Mtu akikununulia viatu kabla ya kukuuliza kama unataka kwenda safari, utajiuliza ni safari gani hiyo.

Hakukataa lakini. Kusema kweli alikitaka cheti hicho, na alikuwa amekitaka kwa miaka minne bila kumwambia mtu. Asichokitaka ni kuwa jina tu. Alishawasikia wa namna hiyo: watu wenye cheti kwenye fremu, wanaofika yadini mara moja kwa wiki kunywa chai na kutia sahihi, mpaka siku gurudumu linapochomoka barabarani. Siku hiyo mwenye malori husema, mimi sijui, mwulizeni meneja. Meneja huyo akishapoteza jina mbele ya Kamishna, halipatikani tena dukani.

Basi akaanza kukagua. Na alikagua kwa namna pekee aliyoijua. Kila dereva, kabla ya kutoa lori, hulizunguka lote na karatasi mkononi: tairi, nati za magurudumu, taa, breki, vioo, na kwa kila kitu anaweka alama ya vema au anaandika kasoro. Glenys alichukua karatasi kama hiyo, akafuta juu palipoandikwa namba ya lori, akaandika, *Kozi ya wiki moja*. Akapiga simu.

Aliyepokea alikuwa na sauti laini kama iliyopakwa mafuta. "Tisa kati ya kumi wetu wanafaulu, bibie!"

"Na wa kumi?"

"Samahani?"

"Huyo wa kumi. Alipatwa na nini?"

Kicheko. "Wa kumi hakusikiliza darasani, bibie."

"Na hao tisa, wamefaulu karatasi zote mbili za mtihani, au ile ya kuchagua majibu tu?"

"Hilo nitamwuliza mwenzangu, nikupigie."

Alipiga kweli, tena mara tatu wiki ile. Kila mara aliulizia kama nafasi ithibitishwe. La karatasi mbili hakuligusa. Glenys akaandika kwenye karatasi yake, mahali pa breki: *Hazijajaribiwa.*

Njia ya pili ilikuwa masomo ya kwenye kompyuta, jioni tatu kwa wiki, mwalimu huku, wanafunzi kila mmoja jikoni kwake. Alihudhuria somo moja la bure. Watu ishirini na wawili, na kumi na tisa wamefunga kamera. Mwalimu aliuliza swali kuhusu saa za mapumziko za dereva, akajijibu mwenyewe, akajisifu. Katikati ya somo mtu mmoja alikoroma. Glenys akafunga kompyuta, akaandika: *Injini inaunguruma, lori haliendi.*

Ya tatu ilikuwa ya vitabu kwa posta: unaletewa rundo, unasoma mwenyewe, unatuma majibu yanasahihishwa, hata mwaka mzima ukitaka. Hiyo ndiyo aliyosomea Norman Thickett zamani. Jumamosi Glenys akaenda kwake.

Alimkuta bustanini, amechuchumaa kwenye vitunguu vyake vya majani anavyovikuza kwa ajili ya mashindano, vinene kama mkono wa mtoto. Norman hakusimama.

"Nimesikia," alisema. "Chukua vitabu. Achana na hoteli."

"Kwa nini?"

"Kwenye karatasi ya pili ya mtihani unaruhusiwa kuingia na daftari zako. Wale wa wiki moja wanapewa jalada limeshapangwa, nene hivi, zuri kweli. Wanaingia nalo, wanapewa kisa cha yadi yenye malori ishirini na matatizo yake, wanaanza kufunua. Wanafunua mpaka kengele inalia. Majibu yamo humo, ila hawajui yako wapi, kwa sababu si wao walioyaweka."

Ilikuwa sababu nzuri. Na hapo ndipo Glenys alipoitilia shaka. Kozi ya mwaka mzima ina maana Norman hatoki Pasaka.

"Wewe ungependa nichelewe, Norman?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mama wee, una roho ya askari wa forodha! Ndiyo, ningependa. Nyumbani mke wangu ameniandikia orodha ya kazi, imejaa kurasa mbili. Hilo halifanyi niliyosema kuwa uongo."

Akaingia ndani akatoka na jalada lake la zamani, limeandikwa ukurasa kwa ukurasa kwa mkono wake, pembe zimechakaa kwa kushikwa. "Lisome. Usilinakili. Lako uliandike mwenyewe."

Glenys alikaribia kuamua siku ile. Angeamua, kama si Jumatatu iliyofuata, alipokuwa anapanga karatasi za ukaguzi kwenye makabati.

Lori namba saba huendeshwa na Wilf Sneath, mcheshi wa yadi, mtu anayejua kila utani wa pwani hii na haoni haya kuurudia. Karatasi zake za wiki zilikuwa tano, Jumatatu hadi Ijumaa, vema kila mahali, *hakuna kasoro* chini. Glenys alikuwa keshazitoboa tundu za kuziweka kwenye jalada alipoona kalamu. Zote tano wino uleule wa kijani, alama zimeinama upande uleule, kama zimepigwa kwa pumzi moja. Akaivuta ya Alhamisi. *Tairi, vema. Nati, vema. Breki, vema.*

Alhamisi namba saba lilikuwa gereji, juu ya magogo, magurudumu yote ya nyuma yametolewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu kukodi lori la badala.

Na chini ya karatasi, kwenye mstari wa meneja, sahihi: *N. Thickett.*

Alizipekua za mwezi mzima. Za Wilf, halafu za wengine. Si wote, lakini walikuwa wengi. Kila moja ilikuwa na sahihi ya Norman, mzee aliyemwambia jalada aliandike mwenyewe.

Kesho yake, Jumanne, alimkuta chumba cha chai, akaiweka karatasi ya Alhamisi mbele yake. Norman aliitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena.

"Ulipita kuliangalia namba saba Alhamisi?" Glenys aliuliza.

"Mimi siku hizi nakuja Jumanne na Ijumaa, unajua."

"Sikukuuliza siku unazokuja."

"Zamani nilikuwa nazunguka nao," Norman alisema taratibu. "Nikimkamata mtu namrudisha na tochi. Halafu kukawa na malalamiko, lori zinachelewa, ghala linakataa mzigo. Desmond akasema, Norman, waache vijana wafanye kazi. Nikawaacha." Akaisukuma karatasi. "Hujaniuliza kwa nini natoka. Ndiyo hiyo."

Sasa kila kitu kilikaa mahali pake kichwani mwa Glenys, tena upesi: fomu iliyojazwa mapema, mkate kwenye sahani, haraka ya wiki moja. Na zaidi ya yote, Lyndon. Bila shaka Desmond hataki jina la mkwe wake liwe chini ya karatasi hizi. La binti wa Tunnard linatosha. Alitoka mle uso umemwiva, akamkuta Lyndon mwenyewe uani, anajaribu kuruka dimbwi bila kulowesha viatu.

"Lyndon! Simama hapohapo. Kwa nini hiki cheti hukichukui wewe?"

Kijana akawa mwekundu, kuanzia kwenye kola kwenda juu. "Baba mkwe hajakwambia?"

"Ameniambia una mambo yako."

"Mambo yangu!" Lyndon alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nilikwenda, Glenys. Septemba. Mlidhani niko likizo Ugiriki, sivyo? Nilikuwa Peterborough, hoteli ileile. Chakula kizuri kweli. Nikafeli karatasi zote mbili. Desemba nikarudia ile ya pili, nikafeli tena, jalada mbele yangu kama ukuta. Mke wangu ndiye anajua, na baba yake, na sasa wewe." Akatazama viatu vyake, vilivyokuwa vimeshalowa. "Tafadhali usimwambie Wilf. Nitaitwa Ugiriki mpaka nizeeke."

Glenys alisimama pale akijihisi mjinga kidogo. Alikuwa amemtafuta yule wa kumi kwa simu, kumbe anakaa naye ukuta kwa ukuta.

Ndiyo kusema alimdhania Desmond vibaya? Kwa Lyndon, ndiyo. Bosi alikuwa anamficha mkwe aibu, basi, jambo ambalo mtu yeyote mwenye mkwe angelifanya. Lakini karatasi ya namba saba ilikuwa bado mfukoni mwake, na hiyo haikuwa dhana.

Alirudi kwanza kwa Norman wakapatana, kisha akaenda akaiweka mezani kwa bosi, na fomu ya hoteli juu yake, imechanwa vipande viwili.

"Nasoma kwa posta," alisema. "Norman atanifundisha Jumamosi, amekubali kukaa mpaka Julai. Mtihani naufanya Juni. Na kabla sijajiandikisha, kuanzia Jumatatu, kila lori linazungukwa kweli, na dereva wake, siku ileile. Mimi nitakuwepo na tochi. Likichelewa, limechelewa."

Desmond aliisoma karatasi ya Wilf. Akaisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyomo.

"Umeshakuwa meneja tayari?"

"Bado. Ndiyo maana nasema sasa, wakati jina langu bado ni langu."

Alijitayarisha kwa kelele. Alikuwa na majibu manne kichwani, ya kila aina ya kelele. Desmond akainua mikono juu. "Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa yote. Posta, Juni, tochi. Nitawaambia madereva leo."

Akatoka. Akasimama kwenye korido. *Sawa?* Mtu aliyegombana na Norman kwa dakika kumi za kuchelewa miaka yote hiyo, leo sawa yote? Wiki nzima neno hilo lilimkaa kama punje ya mchanga jichoni. Huenda alikuwa ameogopa kweli alipoiona karatasi. Mtu huweza kuogopa na kubadilika. Huweza pia kuogopa na kukubali tu mpaka jina jipya litakapokuwa kwenye leseni.

Jumatatu alifika saa kumi na moja. Akalizunguka gari lake, akachukua tochi, akaingia kati ya malori. Na huwezi kuamini: madereva wote kumi na mmoja walikuwa chini, wanazunguka, wanainama, wanagonga nati. Wilf Sneath alikuwa na kalamu mpya ya bluu.

"Habari za asubuhi, mama mkaguzi! Hii hapa. Na leo nina kasoro, ujue. Kwa heshima yako."

Alisoma. *Taa ya nyuma ya kulia imekufa.* Akaenda nyuma ya namba saba. Taa ya kulia ilikuwa inawaka, nyekundu, safi kabisa.

"Fundi ameshaitengeneza?"

"Fundi anaingia saa mbili. Niliigonga ikawaka. Waya umelegea, unajua taa za lori hili zilivyo."

Glenys aliigonga taa. Iliendelea kuwaka. Akaigonga upande mwingine, kwa nguvu zaidi. Iliwaka vilevile. Alimtazama Wilf, na Wilf alimtazama yeye kwa uso mkavu usio na utani hata chembe, jambo ambalo kwa Wilf halikuwa kawaida. Inawezekana. Waya uliolegea hufanya hivyo, yeye mwenyewe ameendesha lori lenye taa kama ile, iliyomsumbua majira mazima ya baridi. Inawezekana pia mtu akaambiwa, au akajiambia, kwamba mwanamke huyu hapendi karatasi zisizo na kasoro.

Juu, dirishani, Desmond alikuwa amesimama na kikombe chake. Alipoona ametazamwa akakiinua kidogo, kama mtu anayesalimia.

Ndani ya koti la Glenys mlikuwa na bahasha iliyoshabandikwa stempu: fomu ya vitabu na fomu ya mtihani wa Juni, jina lake kwenye zote mbili limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Sanduku jekundu la posta liko hapo nje ya geti, hatua arobaini, na gari la barua hupita saa tatu. Alikwenda mpaka pale, bahasha mkononi, akasimama, akageuka kuitazama tena ile taa ya namba saba ikitoka polepole barabarani kuelekea mashamba, ikiwaka bila kupepesa.

Wewe uliyemfuata tangu getini: bahasha ile ungeitumbukiza?